Bunduki Isiyoogopa Mvua

Kijijini, Kisiwa cha Kodiak
Mwezi wa Mei

Kwa Dada yangu mkubwa, Agafia,

Pokea salamu za mdogo wako, Dada, na heshima yako ikiwa mbele. Natumaini barua hii itakukuta umerudi salama kutoka kwenye ile mashine yao ya kusafishia damu, na kwamba wauguzi wa huko Anchorage bado wanakuchekesha. Sisi huku ni wazima wa kutembea. Paa la kanisa limezibwa upande wa madhabahu, upande wa waimbaji bado linavuja, na wanaimba hivyo hivyo. Samaki wa heringi wameingia ghubani tangu juma lililopita na ndege wamejaa hata usingizi hauji. Nimempa rubani wa ndege ya barua chupa mbili za samaki wa moshi akuletee. Zikifika pungufu, usimlaumu mtu mwingine, maana ile safari ya Krismasi alikula chupa nzima angani na akaja kuniambia kwa mdomo wake kuwa chumvi ilikuwa sawasawa.

Najua unapenda simu kuliko karatasi. Lakini masikio yako siku hizi yanachagua maneno, na haya niliyo nayo siyo ya kurudiarudia kwa sauti kubwa. Kwa hiyo nimeandika. Keti kwanza, Dada, na kama dawa ya saa hii hujameza, meza. Sikuletei msiba mpya.

Mara ya mwisho uliniuliza kama nimeanza kulia. Bado. Arobaini ya Zakhar ilipita, padri akaja kwa mashua katika bahari ile mbaya, watu wakaomba na wakala, nami nikawa nagawa sahani. Niliwasikia wanawake wakinong'ona kuwa nina moyo mgumu. Siyo ugumu. Unajua mkono ukiulalia, ukiamka unauona ni wako lakini ukiugusa hausikii? Ndivyo nilivyo mimi mzima. Nakula na sijui nimekula nini. Naingia banya, kile kibanda chetu cha mvuke, maji yanamwagwa juu ya mawe, mvuke unapanda mpaka wenzangu wanakimbilia nje, mimi nimekaa tu. Nakueleza haya ili usome yanayofuata ukijua niliyapokea nikiwa katika hali gani.

Mwezi wa Machi mzee Feodosi alinijia nyumbani. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Akasema serikali imetoa tena kibali cha kijiji cha kuwinda dubu mmoja kwa ajili ya chakula, na kwamba wazee hawajaonja mafuta ya dubu tangu mwaka jana. Kila majira ya kuchipua Zakhar ndiye aliyekuwa akienda. Akasema hakuna wa kunilazimisha, lakini bonde lile la juu wanaolijua kwa miguu walikuwa wawili, Zakhar na mimi niliyembebea mizigo tangu tuoane. Wanaume waliobaki, alisema, wanajua kuendesha mashua na kuzungumza. Aliomba niende na mwanao Innokenti, kwa kuwa naye anajua kidogo na ana mgongo wa kubeba.

Nikakubali kama mtu anavyokubali chai. Feodosi alikuwa amejiandaa kunibembeleza, na alipoona hakuna kazi hiyo akakaa kidogo akitazama kofia yake, kisha akauliza nitakwenda na bunduki gani. Hapo sote wawili hatukuitazama kona ya mlango.

Bunduki ya Zakhar ilikuwa imesimama kwenye kona hiyo ndani ya mfuko wake, kama askari wa wanyamapori alivyoirudisha. Kijiji kizima kilijua kuwa ndiyo iliyomuua, kwa kukwama. Innokenti ndiye aliyekuwa naye, na hivyo ndivyo alivyosema aliporudi ufukweni siku ile ya Novemba: mvua na kutu vimekula chuma, komeo la kuingizia risasi limekataa, dubu amemfikia. Wewe mwenyewe ulinipigia simu ukasema chuma kile kimemuua shemeji yako, na kwamba mtu mwenye akili hawindi katika mvua ya Kodiak na bunduki ya mti na chuma cheusi.

Basi ikawa lazima itafutwe nyingine, na hapo kila mtu akawa mwalimu wangu. Feodosi alitaka nichukue bunduki fupi ya kukoki kwa mpini wa chini, kama aliyotumia baba yake, kwa sababu ndani ya vichaka hakuna nafasi ya kunyoosha kitu kirefu. Yakovu, fundi wa mitambo wa kiwanda cha samaki, akataka nichukue ile kubwa kuliko zote, ya kuulia tembo. Walibishana jikoni kwangu kama kwamba mimi sipo.

Yakovu akasema, "Dubu wa huku siyo mbuzi. Mpige na kitu atakachokisikia."

"Wewe ukiipiga hiyo," Feodosi akamjibu, "dubu atabaki amesimama na wewe ndiye utakayekuwa umelala. Dubu hasomi jina la bunduki, bwana mdogo. Anasoma mahali ulipomtoboa."

Innokenti alikuwa amesimama karibu na jiko. Wakamuuliza yeye anaonaje, maana ndiye aliyeona. Akasema neno moja tu, kuwa bunduki yoyote iwe, isiogope mvua. Kisha akatoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Sijakuambia, Dada, kwamba mwanao alikuwa akikaa kwangu majira yote ya baridi. Ulidhani yuko kiwandani, na alikuomba udhani hivyo. Alihamia baada ya arobaini na hakusema kwa nini. Alikuwa akiamka kabla yangu, anawasha moto, anachota maji, anarekebisha vitu visivyoharibika. Ulilalamika kuwa hakupigii simu. Nilikuwa nikimwona anasimama mbele ya simu, anaigusa, anaondoka. Amekonda. Ningepaswa kuuliza mapema, lakini mtu aliyekufa ganzi haulizi.

Mwezi wa Aprili tukapanda ndege kwenda mjini, tukafika dukani kwa Benigno. Yule Mfilipino unamjua, alikuja kijana kufanya kazi kwenye viwanda vya samaki, akaoa, akabaki, sasa anauza bunduki na nyavu na mkewe anapika upande wa nyuma. Aliponiona alinishika mikono yote miwili. Hakusema pole. Alisema Zakhar alikuwa bado hajarudisha bisibisi yake, na kwamba ameamua kumsamehe. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa pole zote nilizopewa.

Akatutolea bunduki tatu, akazilaza juu ya blanketi. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti wa jozi, mishipa yake imezunguka kama moshi, na chuma cheusi kinachong'aa. Innokenti aliichukua, akaitazama kidogo, akairudisha haraka kama aliyeshika kikaango cha moto. Benigno akakubali kuwa hiyo ni ya kutazamwa. Alisema mti unakunywa maji, unavimba, unausukuma mtutu upande mmoja, na asubuhi moja unalenga bega na risasi inakwenda tumboni. Na dubu aliyepigwa tumboni anaingia kichakani na kukungoja.

Ya pili ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, imesuguliwa mpaka unaweza kujitazama ndani yake kama kioo, na nyepesi sana. Niliiweka begani. Nilisema inang'aa kama samaki, dubu ataiona toka ng'ambo ya ghuba. Benigno akacheka, akaongeza kuwa wepesi wake ni mtamu unapopanda mlima, lakini ikilia inampiga mwenyewe teke la punda, na mwindaji anayeiogopa bunduki yake hufumba macho.

Ya tatu haikuwa na sura. Rangi yake ya kijivu, kama jiwe la mtoni lililokauka. Kitako cha plastiki ngumu, mtutu mfupi, uzito wa kutosha. Risasi zake ni zile wanazoziita mia tatu sabini na tano, nene kama kidole changu cha mwisho. Juu ya mtutu kulikuwa na vyuma vya kulengea, kwa hiyo darubini ikiingia ukungu unaiondoa na bado una macho. Niliifungua na kuifunga nikiwa nimevaa glavu zangu za sufu. Kidole kiliingia kwenye kifyatulio bila kukwama. Benigno alipima mkono wangu na kitako, akasema atakikata kidogo nyuma, maana kilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono ya sokwe.

Kisha akauliza swali ambalo muuzaji yeyote angeuliza.

"Mama, ya marehemu ilikwama wapi hasa? Nikijua, sitakuuzia shida ile ile."

Kisha akamgeukia Innokenti. Innokenti akasema ni komeo. Benigno akauliza lilikataa kufunguka au kufunga. Akasema kufunga. Benigno akauliza kama risasi ilikuwa imeingia. Akasema hakumbuki, labda iliingia, labda ni sindano ya kupigia risasi ndiyo iliyoshikwa na kutu, mvua ilikuwa nyingi. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho ndani ya duka baridi.

Nikasema, "Linafunguka. Nililifungua mwezi wa pili."

Sikusema kwa kumtega, Dada. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Februari nilikuwa nafagia, mfuko ukaanguka, nikaitoa bunduki nione kama imevunjika. Kutu ilikuwepo juu juu, ya rangi ya chai, lakini komeo lilikwenda na kurudi kama lilivyokwenda miaka yote, na sindano ikapiga. Nilifikiri kuwa labda kilichokwama siku ile kilikwamuka chenyewe. Nikairudisha kwenye kona, nikamaliza kufagia. Hilo ndilo nililofanya na jambo zito kama hilo.

Benigno alinitazama, akamtazama Innokenti, kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta isiyo na vumbi. Akasema vyuma navyo vina tabia zake. Innokenti akatoka nje kwenye mvua bila kofia. Kupitia dirishani nilimwona amesimama gatini, mikono imening'inia, na mashakwe wanamzunguka wakidhani ana chakula.

Benigno aliichukua ile ya kijivu, akaizamisha nzima ndani ya ndoo ya maji ya bahari, akaipeleka kwenye friji yake kubwa ya samaki. Akasema twende tukale. Mkewe akatupa tambi na uduvi, Innokenti akaitwa, akala kwa kuinama. Tulipomaliza, bunduki ilitolewa ikiwa imevaa barafu kama mti wa Krismasi. Benigno akanipa mimi. Nikapiga komeo kwa kiganja. Barafu ikalia, komeo likafunguka. Nikalifunga, nikalifungua tena. Nikasema naichukua. Sikuona haja ya kuipenda.

Juma lile lile tuliijaribu kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, mvua ikinyesha ya upande. Niliiweka nje kwenye veranda ya jamaa zetu usiku na mchana, bila kuifunika, kwa kuwa Innokenti alisisitiza. Kila asubuhi alikuwa akitoka kuitazama, anapitisha kidole chini ya komeo, ananusa. Alikuwa akisema bunduki inayoogopa mvua ni pambo, haina kazi kwa mtu. Alilisema mara nyingi mpaka jamaa zetu wakawa wanamtania kuwa aitolee mahari. Mimi begani nilipata jeraha la rangi ya zambarau, na nilikuwa nikilibonyeza nione kama linauma. Liliuma kwa mbali, kama la mtu mwingine.

Tuliondoka kwenda bondeni baada ya Pasaka. Mvua ilikuwa ile ile ya kawaida, isiyoanza wala kuisha. Tulipiga hema mlangoni mwa mto, tukawa tunapanda kila asubuhi kwenye mwamba wa kutazamia. Innokenti hakuniacha hata hatua. Nikisimama anasimama, nikiinama kufunga kamba ya kiatu namsikia anapumua mgongoni mwangu. Safari hii alikuwa amebeba bunduki ya Zakhar, ameiosha na kuipaka mafuta yeye mwenyewe. Niliona.

Tuliwaona dubu kadhaa. Jike mwenye watoto tulimpisha. Mmoja mkubwa mno, mwenye kichwa kama pipa, alipita chini yetu, na Innokenti akaninong'oneza kuwa huyo siye, yuko karibu na vichaka, akijeruhiwa ataingia. Alikuwa sahihi. Asubuhi iliyofuata akatokea dume la wastani, peke yake, kwenye mteremko wa nyasi zilizolala, analima mizizi kwa kucha kama bibi kizee bustanini. Nyuma yake mlima mtupu. Upepo ulikuwa usoni kwetu. Tulisogea kwa tumbo mpaka nikayaona maji yakidondoka kwenye masikio yake. Maji yalikuwa yakidondoka pia kwenye mtutu wangu, kwenye darubini, ndani ya mikono ya koti. Nikafuta kioo kwa kidole gumba, nikalenga nyuma ya bega, nikapiga. Akaanguka, akainuka nusu, nikapiga tena. Basi. Bunduki ilifanya kazi yake. Nilimsomea dua kama Zakhar alivyokuwa akifanya, nikakigeuza kichwa chake kielekee bara kama wazee wanavyotaka. Sikusikia furaha wala hofu.

Kuchuna dubu wewe unakujua, Dada. Ni kazi ya saa nyingi, watu wawili mmeinama upande huu na huu, mikono ndani ya mafuta, na hakuna wa kumtazama mwenzake usoni. Nadhani ndiyo maana aliweza. Tulikuwa tumefika kwenye mguu wa nyuma. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mama mdogo, bunduki ya baba mdogo haikukwama."

Nikamwambia najua. Kisu chake kikasimama. Nikamwambia aendelee kuchuna na aendelee kusema.

Hivi ndivyo alivyonieleza. Siku ile mgeni wao, yule daktari wa meno wa kutoka Ohio aliyewalipa wamwongoze kuwinda, alimpiga dubu vibaya ufukweni, na dubu akaingia vichakani na damu yake. Mgeni akaachwa kwenye mashua. Zakhar ilibidi afuate, kwa sababu ndiyo sheria ya kazi na kwa sababu alikuwa Zakhar. Kabla ya kuondoka alimuuliza Innokenti bunduki yake iko wapi. Iko hemani, imefungwa ndani ya blanketi, ndilo jibu alilopewa, kwa kuwa kulikuwa kunanyesha.

Dada, ni ile bunduki ya marehemu Stepan, baba yake, yenye kitako cha jozi. Ulipompa ulimwambia aitunze, isilowe, kwani ndicho kitu cha pekee ambacho bahari haikukichukua pamoja na mumeo. Innokenti aliitunza. Zakhar alicheka akasema basi mwana wa mama akae juu ya jiwe kubwa, asishuke mpaka aitwe.

Akakaa. Muda ukapita, kimya, mvua. Akaanza kufikiri kuwa baba yake mdogo anahitaji msaada, au akaanza kuogopa kuwa peke yake; alisema mpaka leo hajui ni lipi kati ya hayo. Akashuka kwa upande mwingine wa kichaka. Alipotokea mahali peupe, dubu alikuwa amempa mgongo, karibu hata aliisikia harufu yake. Mbele ya dubu alisimama Zakhar, bunduki imo begani tayari, jicho limo kwenye darubini. Na Innokenti alikuwa kwenye mstari ule ule, nyuma ya dubu, kama kivuli chake.

"Akaniona," alisema. "Akainua kichwa kidogo juu ya bunduki. Akaniambia lala chini. Kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia nipishe. Sikulala. Akasema tena, lala chini, Innokenti. Miguu haikukunjika, Mama mdogo. Nilisimama namtazama tu. Akapiga hatua pembeni ili anikwepe, na dubu akaenda."

Baada ya hapo alipiga kelele, alirusha mawe, na dubu akamwacha Zakhar akaingia kichakani, alikokutwa siku ya pili amekufa kwa risasi ya mgeni. Zakhar hakusema tena kitu. Innokenti alimbeba mpaka ufukweni peke yake, na bunduki juu. Mgeni alipowaona alipiga magoti mchangani, akauliza, bunduki ilikwama? Na mwanao akatikisa kichwa kukubali. Hivyo tu. Hakutunga uongo, Dada. Aliulizwa, akatikisa kichwa, na kabla ya jioni kijiji chote kilikuwa kinaulaani uchafu wa kutu. Baada ya hapo alishindwa pa kuanzia.

Alipomaliza niliitafuta hasira ndani yangu, kama mtu anayepapasa kiberiti kwenye rafu gizani. Nilipapasa kweli. Nilidhani ikitokea, angalau nitakuwa nimesikia kitu. Haikuwepo. Nilimtazama Innokenti, uso wake umelowa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mifupa ya mashavu. Nikamuuliza mara ya mwisho amekula lini akashiba. Hakuelewa swali. Nikakata kipande cha mafuta, nikawasha jiko dogo chini ya turubai, nikamkaangia ini, nikamwambia kazi itasimama mpaka amalize. Alikula akilia. Nilikaa naye mpaka akamaliza. Hakuniomba msamaha na mimi sikumpa, maana sikuona kilichovunjwa ambacho msamaha ungekiunga.

Lakini nilimwambia hili, na nakuambia wewe pia. Zakhar alikuwa na nafasi ya kupiga. Alikuwa mlengaji mzuri kuliko wote ninaowajua, na angeweza kujipa moyo kuwa risasi itakaa ndani ya dubu. Hakutaka kubahatisha. Alipata muda wa kusema maneno mawili, akautumia kumwambia mwanao alale chini.

Nyama tumeigawa. Wazee wamepata mafuta yao, na Feodosi amekuja kwenye veranda kuniambia kuwa yamekaa vizuri, kisha akauliza kama ile ya kijivu ilishika kutu. Nikamwonyesha. Haina hata doa. Mkutano wa kanisa ulipofanyika Jumapili, Innokenti alisimama mbele ya watu akawaambia kama alivyoniambia mimi, hatua kwa hatua, bila kujitetea. Hakuna aliyemtukana. Yakovu ndiye aliyenyanyuka akamshika bega akatoka naye nje. Kwa hiyo huku amekwisha kumaliza. Amebakiza kwako.

Hawezi kukuambia kwa simu. Nimemuuliza anaogopa nini, akasema anaogopa utajisikia kuwa ni neno lako la "isilowe" ndilo lililomuua baba mdogo, na kwamba kwa afya uliyo nayo hilo litakuangusha. Yeye hawezi kulisema mbele yako. Mimi nimelisema hapa kwa sababu nakujua, na ulinibeba mgongoni kabla hujajua uzito ni nini. Neno lako lilikuwa neno la mama yeyote mwenye kitu kimoja kilichobaki. Lilie kama unataka, wewe unayeweza. Lakini ulilie kabla ya Ijumaa.

Kwa maana Ijumaa anakuja. Ana tiketi, na ukungu ukituruhusu atafika kwako mchana. Bunduki ya Stepan ameniachia, nami nimeanza kuitumia kufukuzia dubu kwenye banda la samaki; imelowa mara mbili na haijafa. Usimuulize habari zake. Usimuulize pia kwa nini hakukupigia. Nilibaki bila mume na wewe ukabaki na mwana, na hivyo ndivyo Zakhar alivyotaka iwe. Sitaki kitu alichokilipia namna ile kikae kinakonda jikoni kwangu. Atasimama mlangoni na hatajua aanze na nini. Wewe anza. Mwambie aingie, mwambie amechelewa kula.

Nisalimie wauguzi wako, na yule mama wa chumba cha pili anayeimba. Bibi Thekla anakusalimu, na goti lake pia linakusalimu. Watu wa kanisani wote wanakutaja kwenye maombi. Mimi niko, sijabadilika sana. Jana bega liliniuma kweli nilipokuwa nakamua nguo, nikakaa chini kidogo.

Ni mimi mdogo wako,
Efrosinia